Kidole cha Sita cha Chura

Domitila Anchante alijua kuhesabu. Baba yake alikuwa mchunga mbuzi huko Changuillo, na hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kugusa chakula kabla hajataja idadi ya mbuzi waliorudi zizini. Kwa hiyo siku alipoletwa Huarangal akiwa bibi harusi wa miaka ishirini, na mumewe Lucio Uchuya akampandisha kilimani kumwonyesha Chura, mchoro wa kale uliochorwa ardhini, Domitila alifanya alilolizoea. Alihesabu. Macho mawili, miguu miwili ya nyuma, na mikono ile ya mbele, wa kulia vidole vitano, wa kushoto vidole vitano.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, mjane, na kila siku isipokuwa Jumatatu alisimama juu ya mnara wa mbao, fimbo mkononi, akiwaambia wageni kwamba mkono wa kushoto wa Chura una vidole sita.

Na vilikuwa sita kweli. Hapo ndipo kichwa kilipomuuma. Hata mtu asiye na miwani aliviona: vitano vifupi, vimekunjika kidogo, na cha sita kirefu kama hatua ishirini, kimenyooka, kikipanda mteremko mpaka kwenye kirundo cha mawe kando ya korongo kavu.

Chura mwenyewe si mkubwa kama ile michoro maarufu ya uwandani inayotazamwa kwa ndege. Ni wa kijijini, wa kuonwa bure. Wazee wa kale waliondoa mawe meusi ya juu, wakayapanga kando, udongo mweupe wa chini ukabaki wazi, na kwa kuwa mvua haijui njia ya kufika huku, mchoro umekaa. Kila kitu hukaa Huarangal. Mtu akikanyaga pale, unyayo wake unamzidi umri. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mlinzi ni moja tu: hakanyagi mtu. Lucio, aliyekuwa mlinzi miaka ishirini na saba mpaka mapafu yalipomshinda, aliwahi kumfukuza hata padri kwa mawe kwa sababu kandambili zake ziligusa ukingo.

Lucio alipokufa, Domitila alirithi fimbo, filimbi, kofia na maneno. Maneno yalikuwa haya: "Chura ni maji. Chura akilia, mto umejaa kule juu milimani. Na kidole hiki cha sita, mabwana na mabibi, kinaonyesha mahali maji ya wazee yalipolala." Wageni waliyapenda. Wengine walikuja na yao: kwamba Chura ni kalenda ya nyota, kwamba ni ramani, kwamba ni kiwanja cha kutua viumbe wa angani. Bibi mmoja alilala kifudifudi mnarani akalia saa nzima, akasema Chura amemsamehe. Domitila alimpa maji ya kunywa, asijue amesamehewa nini.

Yeye kila alipotaja kidole cha sita, moyo wake ulisema vitano.

Alijua hata mkanganyiko ulianza lini. Mwaka wa pili wa ndoa alipata mimba ya kwanza. Mimba ilipotimia, uchungu ulimshika, Februari, wakati wa joto kali, ukamkalia siku mbili, na kisha homa ikamchukua siku tisa. Alipofungua macho, kikapu cha mtoto hakikuwepo ukutani, na matiti yake yalikuwa yamefungwa kwa kitambaa. "Lucio," aliuliza, "yuko wapi?" Lucio akachukua kofia akatoka, akarudi jua limezama, midomo imepasuka. Domitila hakuuliza mara ya pili, na nyumba ile ikaliwekea kifuniko jambo hilo. Baadaye walizaliwa Nelida na Wilmer, ambao siku hizi wako Ica na Lima na hupiga simu Jumapili. Yule wa kwanza hakutajwa tena.

Mwezi wa nane wa mwaka ule, alipopata nguvu za kupanda kilima, aliangalia chini akaona sita.

"Lucio, mbona vimekuwa sita?"

"Vimekuwa sita tangu dunia iumbwe."

"Mimi nilihesabu vitano."

"Homa, Domi. Homa inakula hesabu."

Ukiambiwa kwa miaka mingi kwamba umekosea, utakubali, ukubali kwa mdomo angalau. Ila mara nyingine akiosha vyombo alijikuta anahesabu vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, ndani ya povu.

Basi mwezi wa nne wa mwaka huu ninaousimulia, maji yalipungua. Huarangal hainywi mto. Inakunywa puquio, yaani mfereji wa chini ya ardhi uliochimbwa na watu wale wale wa Chura, ambao una mashimo mapana ya kushukia kuusafisha, na mashimo hayo huitwa macho. Macho yanayojulikana ni mawili. Wazee walisema kuna la tatu, lililofukiwa na mafuriko zamani, na kwamba mfereji umezibika hapo. Bwawa linalopokea maji ya mfereji lilishuka mpaka likawa la kulowesha vifundo vya miguu. Maharage ya pallar yalikunja majani. Familia nne zilikuwa zimeshafunga milango kwa waya na kwenda zao mjini.

Ndipo akaja Mwalimu Basurto kutoka Lima, mtafiti wa mambo ya kale, kijana mpole mwenye kofia pana na kidege cha kurusha chenye kamera. Alikaa siku sita, akirusha kidege, akichora. Siku ya saba kamati ya maji ikaita mkutano kwenye ua wa shule, na Basurto akatundika picha kubwa ukutani. Akaweka rula juu ya kidole cha sita, akavuta mstari.

"Tazameni," akasema. "Mstari unapita katikati ya macho yenu mawili ya mfereji kana kwamba mtu aliupima. Hii haiwezi kuwa bahati. Alama imejificha mbele yenu miaka yote: jicho la tatu liko pale kidole kinapoishia. Na kile kirundo cha mawe kiko nje ya mipaka ya hifadhi ya serikali, kwa hiyo mnaruhusiwa kuchimba."

Watu wakanong'ona. Mwenyekiti wa kamati, Teofilo Tueros, mwenye tumbo kubwa na subira ndogo, alimgeukia Domitila.

"Mama Domi, sisi wengi wetu ni wa kuja, tumeshuka kutoka milimani. Wewe ndiye mwenye Chura. Sema mbele ya watu: hicho kidole kinaonyesha maji au hakionyeshi?"

Domitila alisimama. "Lucio alisema kinaonyesha."

"Lucio Mungu amrehemu. Nakuuliza wewe."

"Mimi," akasema, akatazama picha, akatazama watu. "Mimi nilihesabu vitano."

Ua mzima ukaangua kicheko. "Mama, tunauliza maji, wewe unajibu vidole!" akapiga kelele Hipolito Ccencho, ambaye hajawahi kukosa neno la nyuma ya mkutano.

Basurto hakucheka. Akamshika kiwiko akamsogeza kwenye picha. "Hesabu hapa, mama. Taratibu."

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita.

"Ni sita," akasema, akarudi kuketi.

Ikaamuliwa kwa kunyoosha mikono: Jumamosi ni kazi ya wote, kila nyumba na sepetu yake. "Na tusikilizane," Teofilo akasema. "Maharage hayatavuka Sikukuu ya Msalaba, mwanzoni mwa mwezi wa tano, bila maji. Tuna nguvu ya shimo moja. Tukikosea, hakuna shimo la pili."

Maneno hayo yalimfuata Domitila mpaka nyumbani, yakaketi naye mezani. Kama vidole ni vitano, kijiji kinakwenda kuvunjika mgongo kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Kama ni sita, basi yeye ni bibi aliyeliwa akili na homa akiwa msichana, na afadhali afunge mdomo. Alimenya viazi vitamu vya watu watano, naye anakula peke yake.

Alhamisi asubuhi, kabla upepo wa mchanga haujaamka, alifunga miguuni vile viatu vya mbao pana vyenye sifongo chini ambavyo mlinzi huvaa akilazimika kuingia mchoroni. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuvivaa. Alivitumia kukalia. Alishuka kando ya shingo ya Chura mpaka mkono wa kushoto, akapiga magoti.

Basurto alisoma kwa kidege. Domitila hakuwa na kidege, alikuwa na macho ya mtoto wa mchunga mbuzi. Akaangalia mawe ya vidole vitano: yamezama, yamekaa kama meno kwenye ufizi, meusi juu, na akichokoa moja, jeupe chini. Kisha akaangalia mawe ya kidole cha sita. Yamekaa juu juu. Moja limelala na tumbo lake jeupe likitazama mbingu. Jiwe lililogeuzwa huku haligeuki jeusi tena kwa maisha ya mtu mmoja wala kumi.

Vitano, akasema kwa sauti. Hakufurahi hata kidogo.

Maana ndani ya kidole hakukufagiliwa kama kwingine. Kulikuwa kumekanyagwa. Udongo umekuwa mgumu kama sakafu ya jiko, na ukingoni, mahali ambapo mkanyagaji aliteleza, kulikuwa na alama ya kiatu cha tairi, mistari yake inaonekana kama jana, na pembeni yake mkwaruzo. Hatua nyingine, mkwaruzo. Nyumbu wa mizigo aliwahi kumwangukia Lucio akiwa kijana, na tangu hapo aliburuta mguu wa kushoto. Ukiwa jikoni ungemsikia anakuja, tap na shaa, tap na shaa.

Lucio alikanyaga hapa. Si mara moja. Alikwenda na kurudi mpaka akachora. Yeye aliyempiga padri mawe! Domitila alikaa pale kwenye magoti mpaka upepo ukaanza kumtupia mchanga, hajui afikiri nini. Alikuwa na mwanamke kule korongoni? Alificha kitu? Alirukwa na akili? Kuna wakati jibu linakuja na kukuacha gizani zaidi kuliko swali.

Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. Gumercinda Uchuya, dada mkubwa wa Lucio, alikuwa na miaka themanini na moja, sikio moja limekufa na la pili linachagua la kusikia. Alikuwa mlangoni na beseni mapajani, akipukuchua maharage machache yaliyookoka.

"Wifi, karibu. Umekuja kuniona au kuazima chumvi?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi leo sisikii."

"Gume, Chura alikuwa na vidole vingapi?"

"Kamuulize Chura."

"Nimetoka kwake. Nimeviona viatu vya Lucio ndani ya kidole cha sita."

"Viatu vya Lucio tulimzika navyo, acha uzushi."

"Nyayo, Gume! Usinichezee. Za mguu unaoburuta, za kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kaka yako alikuwa anakwenda wapi?"

"Wanaume wana mambo yao. Hata wangu alikuwa nayo."

"Haya, nyamaza. Jumamosi sepetu zitasema."

"Sepetu gani?"

"Hukusikia? Kamati imepitisha. Watachimba pale mwisho, kwenye kirundo. Wanatafuta jicho la tatu."

Mikono ya Gume ilisimama. Beseni likateleza mapajani, maharage yakatawanyika mlangoni, na bibi yule, ambaye angeweza kugombana na kuku kwa punje moja, hakuyatazama.

"Wasichimbe," akasema.

"Kwa nini?"

"Waambie wasichimbe, wifi. Nakuomba."

"Nitawaambia nini, na mimi mwenyewe sijui kitu?"

Gume alishika aproni yake kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuichana. "Mtoto wako yuko pale," akasema.

Domitila alisikia vizuri. Hata hivyo akauliza, "Nani?"

"Yule wa kwanza. Padri wa wakati ule alikataa. Hajabatizwa, akasema, makaburini hapana nafasi yake. Wewe ulikuwa unaweweseka, hatukujua kama ungepona. Lucio akatafuta sanduku la zabibu, mimi nikamfunga mtoto kitambaa, akaondoka nalo alfajiri. Aliporudi aliniapisha kwa msalaba wa mama yetu. Akasema, Domi akijua yuko wapi, atapanda kile kilima kila siku na kulia mpaka afe. Basi akapanda yeye. Kila asubuhi, kabla ya kupuliza filimbi. Na ile njia, wifi, unaijua nchi yetu. Haisahau mguu."

"Na maji? Hadithi ya maji imetoka wapi?"

"Mwaka uliofuata walikuja watu wa serikali kumpima Chura. Wakauliza, na hiki nacho nini? Angesema nini, kwamba mlinzi ndiye aliyekanyaga? Alikuwa ameshapanga mawe kando kando. Akasema kidole. Wakamuuliza kinaonyesha nini, akasema maji. Kaka yangu alikuwa mwongo mvivu, alitoa la kwanza lililofika mdomoni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa hatua ishirini, na imedumu miaka thelathini na minane."

Domitila hakulia. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. "Miaka kumi na moja nimesimama pale na fimbo! Nimewaonyesha Wajapani! Nimewaonyesha Wafaransa! Tazameni, mabwana na mabibi, pigeni picha! Na wewe hapa unakula maharage!"

"Ningesema nini, na kiapo kooni?"

"Ungesema vitano! Basi! Ungeniambia tu kwamba vilikuwa vitano, nijue sina wazimu!"

Akaondoka bila kuaga, akikanyaga maharage.

Usiulize siku hiyo na iliyofuata zilikwendaje. Alimchukia Lucio alipokuwa anawasha jiko, na kabla maji hayajachemka alikuwa anamwonea huruma, mguu ule mbovu, ule mteremko, miaka ishirini na saba. Akamchukia tena. Kitandani siku zake za mwisho Lucio alikuwa na wiki nzima ya kusema, akaitumia kumfundisha jinsi ya kushika fimbo! Halafu ikamjia kwamba labda ndilo alilokuwa anasema, siku zile alipomshika mkono akaielekeza fimbo kwenye kile kidole, mara ya tatu, mara ya nne, akirudia "hapa, Domi, usisahau hapa." Hakujua ashike lipi. Akisema, jina la Lucio linakwisha, na pamoja nalo tumaini la watu sitini. Asiposema, sepetu.

Ijumaa alimfuata Teofilo bwawani. "Mwenyekiti, mnaonaje mkichimba chini kidogo, kule kwenye mchanga?"

"Kwa nini?"

Alitafuta uongo, naye si mzoefu. "Chura hapendi."

"Mama Domi," Teofilo akasema kwa upole wa mtu aliyechoka, "kapumzike."

Jumamosi saa moja asubuhi kilima kilijaa. Walikuja na sepetu, na sururu, na sufuria mbili za supu, na mtungi wa pombe ya mahindi. Wanawake walikuwa wamefunga vitambaa vichwani dhidi ya upepo. Hata Gume alikuja, juu ya punda, akishikiliwa na jirani, uso umefungwa kama mlango. Basurto aliwaongoza wakapita mbali na Chura, nje ya mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa, mpaka kwenye kirundo. Kilikuwa kirundo kidogo. Mawe kumi na moja tu. Domitila aliyahesabu mara mbili.

Huku hakuna anayechimba kabla ardhi haijapewa kinywaji chake, na anayemwaga ni mwenye mahali. Teofilo alijaza kikombe, akavua kofia, akamkabidhi Domitila.

"Iombe ardhi ruhusa, mama. Halafu tuanze."

Domitila alikishika kikombe juu ya yale mawe. Akakirudisha kifuani bila kumwaga.

"Siwezi," akasema.

"Mwaga tu, mama, maneno si lazima."

"Siwezi kuomba ruhusa. Hapa hakuna maji. Hapa yuko mwanangu."

Wakadhani ndiyo homa yake imerudi. Akasema tena, na safari hii akasema yote, vibaya, bila mpangilio, akianzia na sanduku la zabibu na kurudi kwa padri, akiruka kwenye viatu vya tairi, akichanganya miaka. Lakini walielewa. Wanawake walielewa kwanza. Wawili kati yao walikuwa na masanduku yao mahali fulani.

Basurto alikuwa anapekua picha zake kwa haraka. "Lakini mstari," akasema, "mstari unapita katikati ya macho yote mawili, nimepima mara tatu."

"Mwanangu," Domitila akamwambia, "mstari wako ni viatu vya mume wangu."

"Kwa hiyo haya maji ni uongo?" Ilikuwa sauti ya Hipolito, na hakukuwa na kicheko ndani yake. "Miaka yote hii? Mimi nilibaki hapa kwa sababu ya kidole hicho, Mama Domi! Ndugu zangu wameondoka, mimi nikasema, tusubiri, Chura anayo maji!"

"Ni uongo."

"Na jicho liko wapi?"

"Sijui. Sikuwahi kujua. Niliachiwa fimbo nikasema nilichoambiwa niseme. Nichukieni, mna haki."

Hipolito alitupa sepetu chini akatembea mpaka kwenye korongo, akawapa mgongo. Hakuna aliyemwita. Mwanamke mmoja alichukua kile kikombe mkononi mwa Domitila, akamwaga pombe taratibu pembeni ya kirundo, akamrudishia kikombe kitupu.

Teofilo alikuwa ameshika kofia kifuani. Usoni ungemwona anagombana na nafsi yake mwenyewe: hasira ya mtu aliyepoteza shimo lake moja, na kitu kingine. Mwishowe akairudisha kofia kichwani.

"Haya," akasema. "Sepetu zirudi chini. Tutaingia jicho la pili, tutambae ndani kwa magoti na kusafisha kwa mikono kutoka huko, kama watu wa Chura walivyofanya. Yatatosha, hayatatosha, Mungu anajua." Akapandisha sauti. "Hipolito! Wewe ndiye mwembamba, utatangulia!"

Baadaye Hipolito alipanda, macho mekundu, akaokota sepetu yake.

Watu wakaanza kushuka. Teofilo hakushuka. Alikuwa amevunja vibao viwili kwenye kreti iliyobeba mtungi, akavifunga kwa waya, kimoja kimekingama juu ya kingine, akajaribu kwa mkono kama vimekaza.

"Wiki ijayo ni sikukuu, tunaushusha Msalaba wa kijiji kutoka mlimani," akasema, bila kumtazama mtu. "Huyu naye awe na wake." Akalowesha penseli ya seremala kwa ulimi. "Tuandike jina gani, Mama Domi?"

Miaka thelathini na minane Domitila alikuwa anasema "yule", moyoni, kwa siri, na hakuwahi kwenda mbele zaidi ya hapo. Aliangalia kile kibao, akaangalia yale mawe kumi na moja, kisha akageuka akamtafuta wifi yake pale juu ya punda.

"Gume," akasema, "alikuwa wa kiume au wa kike?"

Gume aliteremka. Ilimchukua muda, jirani akimshikilia kwapani, na alipofika chini alitembea mwenyewe mpaka kwa Domitila, akamshika uso kwa mikono yake miwili.

"Wa kike," akasema. "Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi. Ilibidi nizichane."